Kiti kilichokumbukwa kwa miaka kumi

Tamasha la mieleka la WrestleMania la 40, linaloandaliwa na kampuni ya WWE, lilifanyika Philadelphia, Marekani, kwa usiku mbili mfululizo, na usiku wake wa pili ulipoanza saa moja jioni kwa saa za kule, hapa Dodoma ilikuwa saa nane za usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 8 Aprili 2024. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, kwa hiyo sikuwa peke yangu niliyewasha taa. Majirani zangu walikuwa wanaanza kupasha daku, nami nilikuwa nimeketi sebuleni nikiwa na kompyuta, kifurushi cha intaneti nilichokitunza tangu Ijumaa, na mpwa wangu ambaye alikuwa ameapa kwamba hatalala.

Swali lake lilikuwa lile ninaloulizwa tangu tulipokuwa tukijazana kwenye kibanda umiza pale Majengo, tukitazama kanda za mieleka zilizotufikia miezi mingi baada ya mapambano yenyewe kumalizika. "Mjomba, matokeo si yamepangwa? Sasa unakesha kwa ajili ya nini?" Ni kweli yamepangwa, na sijawahi kuona haja ya kulikana jambo hilo. Anayetazama mieleka ili ajue nani ana nguvu zaidi atachoka mapema, kwa sababu kinachouzwa katika matamasha haya makubwa ya kulipia ni uhasama, na uhasama mzuri hujengwa kwa kumbukumbu.

Pambano nililolisubiri lilikuwa la Roman Reigns na Cody Rhodes. Reigns alikuwa ameshika ubingwa tangu Agosti 2020, akijiita kiongozi wa ukoo na kudai kila mtu amtambue hadharani. Watangazaji wa kule wana jina lao la Kiingereza la cheo hicho, lakini sisi wa Ugogo hatuhitaji kuazima, kwa kuwa neno mtemi linatosha kabisa. Mtemi huyu alishinda mara nyingi kwa msaada wa ndugu zake, Jimmy na Jey Uso pamoja na mdogo wao Solo Sikoa, na kadiri ushindi ulivyoongezeka ndivyo aliyokuwa akiwatendea ndugu hao yalivyozidi kuwa mabaya, hadi Jey akamwasi.

Cody naye alikuja na deni la nyumbani kwao. Baba yake, Dusty Rhodes, alikuwa mwanamieleka aliyependwa mno na watu wa kawaida, lakini alifariki dunia mwaka 2015 bila kuupata ubingwa mkuu wa WWE. Mwana aliondoka mwaka 2016, akashiriki kuanzisha kampuni shindani, kisha akarejea mwaka 2022 akisema amekuja kuimalizia hadithi. Miezi michache baadaye alipanda ulingoni kupambana na mwanamieleka mwenzake Seth Rollins huku msuli wa kifua chake ukiwa umechanika, na ngozi yake imegeuka zambarau kuanzia begani hadi mkononi. Jeraha lile halikuwa la kuigiza. Mwaka 2023 alikutana na Reigns mara ya kwanza kuwania ubingwa huo, akakaribia kushinda, Sikoa akaingilia kati, akapoteza.

Mwanzoni mwa 2024 wakuu wa kampuni walionekana kutaka kumpa The Rock, mwanamieleka wa zamani aliyegeuka nyota wa filamu, nafasi ya Cody ya kupambana na Reigns, na mashabiki walipiga kelele kwa siku kadhaa mpaka mpango ukageuzwa na The Rock akawa adui wa Cody. Kwangu hiki ndicho kisa kinachomjibu mpwa wangu vizuri kuliko maelezo yoyote: matokeo hupangwa, lakini watazamaji nao wana mkono katika kuyapanga.

Pambano lenyewe lilikuwa halina sheria, kwa kuwa Reigns na The Rock walikuwa wamejishindia haki hiyo usiku uliotangulia. Walikuja kuingilia Jimmy, Jey, Sikoa, mkongwe John Cena, The Rock, na hatimaye mkongwe mwingine, Undertaker, aliyetokea taa zilipozimwa. Nakiri ilikuwa kama pilau iliyotiwa kila kiungo kilichokuwemo jikoni. Ningemwacha Undertaker apumzike. Hata hivyo, katikati ya vurugu hiyo alikuwepo Rollins, aliyeingia kumsaidia Cody akiwa amevaa mavazi meusi ya The Shield, kundi la zamani alilokuwa nalo pamoja na Reigns. Mwezi Juni 2014 Rollins ndiye aliyelisaliti kundi hilo kwa kumpiga Reigns kiti mgongoni. Sasa Reigns alikuwa ameshika kiti, upande mmoja yupo Cody aliyechoka, upande mwingine yupo Rollins. Busara ilimtaka ampige Cody na kuulinda mkanda. Akasita, akageuka, akamshushia Rollins kiti kile mgongoni kwa nguvu zake zote.

Muda alioutumia kulipa kisasi cha miaka kumi ndio uliompa Cody nafasi ya kuinuka. Mtangazaji hakulazimika kutueleza, na waliokuwepo tangu 2014 tulielewa pale pale. Cody alimwangusha kwa pigo lake la Cross Rhodes mara tatu, mwamuzi akahesabu, na utawala wa siku 1,316 ukaisha wakati huku kwetu alfajiri imekwisha kuingia na wafungaji wameshasali.

Mpwa wangu alikuwa amelala kochini tangu pambano la pili. Nilipofunga kompyuta akafumbua jicho moja na kuuliza nani kashinda, nikamwambia ni Cody, kwa sababu ya kiti. "Kiti gani tena, Mjomba?" Nilikuwa na kikao saa tatu asubuhi na daladala za kwenda Mtumba zilikuwa zimeanza kujaa, lakini nilivuta stuli, nikaketi, nikaanza na Juni 2014.