Namna tulivyolishughulikia tangi la gesi la gari-nyumba lililokuwa likivuja

Gari-nyumba letu ni la mtumba. Tulilinunua hapa Texas ili familia iweze kusafiri wakati wa likizo za shule bila kulipia hoteli kila usiku, na kama ilivyo kwa magari mengi ya aina hiyo nchini Marekani, jiko, hita ya maji, kipasha joto cha chumba na friji vyote vinaweza kutumia gesi ya propeni. Gesi hiyo haimo katika mitungi ya kunyanyua kama ile tuliyoizoea Dar es Salaam, bali katika tangi la chuma lililofungwa kwenye fremu ya gari, ndani ya kisanduku chenye mlango ubavuni na matundu ya hewa chini yake. Tofauti hiyo ndiyo iliyoamua karibu kila tulichokifanya baadaye. Mtungi mdogo unaovuja waweza kuchomolewa kwenye jiko na kupelekwa uwanjani mbali na watu, lakini tangi la namna hii halibebeki, kwa hiyo wanaopaswa kuondoka ni watu.

Tangi letu lina ujazo wa lita 76 hivi, na hujazwa hadi asilimia 80 tu. Nafasi inayobaki ni ya lazima, kwa kuwa propeni ya kimiminika hutanuka sana inapopata joto, mara nyingi zaidi ya maji, na tangi lililojaa pomoni likipigwa na jua huanza kufungua vali ya usalama ili kupunguza mgandamizo. Ubavuni mwa tangi kuna skrubu ndogo ambayo mjazaji huilegeza wakati wa kujaza. Skrubu hiyo imeunganishwa na kijibomba kilichozama ndani hadi kwenye kimo cha asilimia 80, na kimiminika kinapofika hapo, tundu lake, ambalo lina upana wa takribani milimita 1.4, huacha kutoa gesi tupu na kuanza kutema mvuke mweupe. Hapo mjazaji huzima pampu na kuikaza skrubu.

Siku hiyo tangi lilijazwa asubuhi, kukiwa bado na ubaridi, kisha tukaenda kuegesha katika uwanja wa kambi karibu na korongo la Palo Duro, kusini mwa mji wa Amarillo. Jua la kiangazi katika tambarare zile halina huruma. Alasiri mtoto wetu mdogo aliyekuwa akicheza nje aliniita, "Baba, mbona huku kunanuka mayai viza?" Propeni yenyewe haina harufu. Harufu ile hutokana na kemikali iitwayo ethili merkaptani, ambayo huongezwa makusudi ili pua ya binadamu iitambue gesi mapema, kabla haijafikia kiwango cha kuwaka. Kiwango hicho huanzia takribani asilimia 2 ya hewa, ambacho ni kidogo mno kwa mtu anayedhani kwamba hatari huja pale tu gesi inapojaa chumba kizima.

Mke wangu aliwachukua watoto wote na kuelekea upande ulikotoka upepo, wala hakuingia ndani kuchukua kitu chochote. Mimi nilifungua mlango wa kisanduku na kuizungusha koki kuu kuelekea kulia hadi ikagoma. Nilitegemea kwamba sauti ya kufoka niliyokuwa nikiisikia ingekoma. Haikukoma.

Jambo hilo lilinieleza mengi kuliko harufu yenyewe. Koki kuu hukata gesi inayokwenda kwenye regulata (kifaa cha kupunguza mgandamizo), mabomba na vyombo vya ndani. Kama uvujaji ungekuwa nyuma ya jiko au kwenye bomba lililo chini ya gari, ungepungua na kukoma baada ya muda mfupi, na kazi iliyobaki ingekuwa kufungua madirisha na kusubiri. Uvujaji unaoendelea baada ya koki kufungwa maana yake unatoka kwenye tangi lenyewe au kwenye vali zilizokaa juu yake, na mtumiaji wa kawaida hana kitu kingine cha kufunga. Niliacha kila kitu kama kilivyokuwa, nikaifuata familia, na nilipofika mbali vya kutosha ndipo nikatoa simu na kupiga 911, namba ya dharura. Simu na swichi vyote vina uwezo wa kutoa cheche, hata kama ni ndogo.

Jirani mmoja, mzee mkarimu ambaye ametembea na magari haya kwa muda mrefu, alinishauri niwashe injini niliondoe gari kambini ili wengine wawe salama. Nilimshukuru na kukataa. Propeni ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu hivi, kwa hiyo hairuki juu ikapotea bali hutambaa chini na kutuama katika mabonde, mitaro na chini ya gari lenyewe, mahali hasa ambapo stata ya injini hutoa cheche. Alipendekeza pia tuchomoe waya wa umeme wa gari kwenye nguzo ya kambi, na hilo nalo nililikataa kwa sababu iyo hiyo. Msimamizi wa kambi alizima umeme wa safu yetu kutoka kwenye swichi kuu iliyokuwa mbali.

Hapa niongeze jambo moja ambalo sijasikia likizungumzwa sana. Friji nyingi za magari haya zina mpangilio wa kujichagulia nishati zenyewe: umeme ukiwepo hutumia umeme, usipokuwepo huwasha gesi. Ikiwa friji inatumia gesi na wewe ukaifunga koki kuu, moto wake huzimika, na chombo hicho kwa utiifu wake kitaanza kutoa cheche mfululizo kikijaribu kujiwasha tena. Hali kadhalika, umeme wa kambi ukikatwa, friji iliyoachwa kwenye mpangilio huo itahamia kwenye gesi, huku kinachoitoa cheche kikiendeshwa na betri ya gari. Yetu ilikuwa imewekwa kwenye umeme pekee. Tangu hapo nimekuwa nikihakikisha kwamba iko hivyo kila tunapoegesha penye nguzo ya umeme.

Zimamoto walifika wakiwa na kipimo cha gesi, wakawahamisha majirani wa karibu, na mmoja wao akakagua tangi akiwa amevaa glavu nene. Ile skrubu ya kujazia ilikuwa imezungukwa na barafu nyembamba katikati ya joto la Texas, kwa kuwa propeni huchemka ikiwa kwenye nyuzi 42 za Selsiasi chini ya sifuri, na inapogeuka kuwa mvuke hupora joto la chuma kinachoizunguka. Ngozi tupu ingeungua kwa baridi. Kimiminika kilikuwa kimetanuka kwa joto la mchana, kikapanda juu ya mdomo wa kile kijibomba, na skrubu ambayo haikuwa ikiziba barabara ikaanza kukitema. Lita moja ya kimiminika hicho hutoa takribani lita 270 za mvuke, na ndiyo maana tundu la milimita 1.4 liliweza kuwatoa watu wa safu nzima nje ya magari yao. Walipoikaza, mfoko ulipungua lakini haukuisha kabisa. Tulilala kwingine usiku huo, na gari likabaki limezungushiwa utepe.

Kesho yake alikuja fundi mwenye leseni ya gesi. Hakujaribu kuitengeneza vali ile yenye skrubu tangi likiwa na mgandamizo. Aliunganisha bomba refu lenye kichomeo, akaiteketeza gesi yote pole pole mbali na magari, kazi iliyochukua saa nyingi, kisha akaing'oa vali na kunionyesha chembe ya mchanga iliyokuwa imekichimba kikalio chake. Vali mpya aliifunga kwa dawa ya kuziba inayoruhusiwa kwa gesi.

Baada ya kuweka gesi kidogo, alipaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo na kuangalia mapovu, akitumia sabuni isiyo na amonia kwa kuwa amonia hula shaba. Huko nyumbani nimewahi kuona watu wakitafuta uvujaji kwa njiti ya kiberiti iliyowashwa. Sina maneno ya adabu ya kuielezea tabia hiyo. Kisha alipima mgandamizo wa mabomba ya ndani kwa geji huku vyombo vyote vikiwa vimezimwa. Kwa kawaida regulata hushusha mgandamizo hadi sawa na kimo cha sentimita 28 za maji, na wakati wa jaribio sindano ya geji inatakiwa isishuke hata kidogo kwa dakika tatu. Yetu ilishuka. Kulikuwa na kiungo nyuma ya jiko kilichokuwa kimelegea kwa mtikisiko wa barabara, na hapo mtu wa awali alikuwa amezungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba. Kiungo cha aina hiyo huziba kwa shaba kubanana na shaba, na tepu huzuia mbano huo. Aliiondoa, akakikaza kiungo, na sindano ikatulia.

Nilimuuliza kwa nini kengele ya gesi iliyo karibu na sakafu haikulia muda wote ule. Alisema kwamba gesi ilikuwa ikitokea nje na kushuka kupitia matundu ya kisanduku, kama ilivyokusudiwa, kwa hiyo haikuingia ndani kwa wingi. Hata hivyo aliichomoa na kuigeuza ili tusome tarehe iliyoandikwa mgongoni. Muda wake wa kutumika ulikuwa umepita, na mpya tuliinunua Amarillo kabla ya kuendelea na safari.