Mti wa makocha wa Miami ya Ohio: hatimaye mishale imekaa sawa

Mchoro wangu wa mti wa makocha, yaani nani alifundishwa au alifanya kazi chini ya nani, umekubali. Hakuna mshale hata mmoja unaorudi nyuma, na Woody Hayes haonekani tena akiwa kocha mkuu wa timu moja, mwaka mmoja, pamoja na Ara Parseghian. Mnaofuatilia mradi huu mnajua jinsi jambo hili lilivyonikosesha usingizi, kwa hiyo naandika leo huku furaha ikiwa bado ya moto.

Kwa mgeni, kwa ufupi tu: ni Chuo Kikuu cha Miami kilichoko Oxford, Ohio, si kile cha Florida. Katika futiboli ya Kimarekani kinaitwa Chimbuko la Makocha, na jina hilo kimelitolea jasho. Paul Brown alicheza hapo kabla ya kwenda kuzijenga timu za kulipwa za Cleveland Browns na baadaye Cincinnati Bengals. Weeb Ewbank alisoma hapo, kisha akawapa ubingwa Baltimore Colts mwaka 1958 na 1959. Sid Gillman, Hayes, Parseghian na Bo Schembechler wote waliiongoza timu hiyo kabla dunia haijawajua. John Harbaugh alicheza hapo. Sean McVay naye alicheza hapo, kama babu yake John McVay miaka ya Hayes na Parseghian. Mradi wangu ni kuwafuata watu hawa baada ya kuondoka Oxford: nani alikwenda wapi, akafanya kazi chini ya nani, na akamchukua nani.

Kinachonikera katika miti ya makocha inayochorwa kila mahali ni kwamba kila mtu ni kisanduku kimoja, na mshale unatoka kwa bosi kwenda kwa msaidizi wake. Inapendeza macho, lakini inadanganya. Chukua watu watatu tu: Red Blaik, Gillman na Parseghian. Parseghian alicheza Miami chini ya Gillman misimu ya 1946 na 1947. Gillman alikuwa msaidizi wa Blaik katika timu ya Army, yaani chuo cha kijeshi cha West Point, msimu wa 1948. Ukichora visanduku vitatu unapata Blaik, mshale, Gillman, mshale, Parseghian, na msomaji yeyote mwenye akili timamu atasema Parseghian alirithi mbinu za Blaik kupitia Gillman. Haiwezekani. Gillman alipofika kwa Blaik, Parseghian alikuwa ameshaondoka kwake na yuko Cleveland akiichezea timu ya Paul Brown. Maarifa hayasafiri kurudi nyuma. Mshale wa kwanza ni wa kweli, wa pili ni wa kweli, ila ukiiunganisha inazaa uongo.

Blaik mwenyewe ni kijana wa Miami, alihitimu hapo mwaka 1918 kabla ya kwenda West Point. Kwa hiyo kisanduku chake kinakaa juu kabisa ya mti, na uongo ule unaonekana wa heshima zaidi: babu, baba, mjukuu, wote wa Oxford. Hapo ndipo nilipoapa kwamba sitatoa mchoro wowote mpaka hili lipate dawa.

Dawa ilikuwa kuacha kumchukulia mtu kama kitu kimoja. Sasa nodi, yaani kisanduku kwenye mchoro, si mtu, nodi ni kituo: mtu, mahali, cheo, mwaka wa kuanza, mwaka wa kuisha. Gillman ana kituo cha Miami 1944–47, kituo cha Army 1948, kituo cha Chuo Kikuu cha Cincinnati 1949–54, kisha timu za kulipwa, Rams kuanzia 1955 na Chargers kuanzia 1960. Uzi mmoja unavifunga vituo vyake kutoka kushoto kwenda kulia kwa mpangilio wa miaka. Mshale kati ya watu wawili unazaliwa pale tu ambapo vituo vyao viko mahali pamoja kwa wakati mmoja, na vyeo vyao vinaruhusu. Parseghian anapata mshale kutoka kituo cha Gillman cha Miami. Blaik anapeleka mshale kwenye kituo cha Gillman cha Army. Kutoka kwa Blaik hakuna njia tena ya kumfikia Parseghian, kwa sababu uzi hauendi kushoto. Nilipoona njia ile imekufa yenyewe, bila mimi kuifuta kwa mkono, nilipiga meza kwa furaha.

Halafu ikaja shida ambayo ndiyo hasa imekula muda wangu: mwaka.

Vyanzo vingi huandika miaka ya kalenda, lakini timu hizi haziishi kwa kalenda. Msimu unaanza kiangazi kinapoisha na mechi ya mwisho inaweza kuangukia Januari. Miami ya Hayes ilishinda Salad Bowl, mechi ya kufunga msimu, dhidi ya Arizona State kwa 34–21 tarehe 1 Januari 1951. Parseghian akawa kocha mkuu mwaka huohuo wa 1951. Ukiingiza miaka ya kalenda, skripti, yaani programu yangu fupi inayochora mishale, inaona makocha wakuu wawili juu ya kiti kimoja na inawachorea mshale kana kwamba mmoja anamwongoza mwingine. Gillman ni hivyohivyo: Sun Bowl ambayo Miami iliifunga Texas Tech 13–12 ilichezwa tarehe 1 Januari 1948, na kwa kalenda Gillman yuko Oxford na West Point kwa pamoja.

Hao wakubwa unawaona upesi. Kazi iko kwa wachezaji, maana wao huandikwa kwa mwaka wa kuhitimu. Schembechler alihitimu 1951, kwa hiyo swali langu la SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, lilimpa mshale kutoka kwa kocha mkuu wa 1951, yaani Parseghian, kama mchezaji wake Miami. Si kweli, kocha wake mkuu katika msimu wake wa mwisho pale, 1950, alikuwa Hayes. Lakini John Pont alicheza mpaka msimu wa 1951 wenyewe, na kwake mshale uleule kutoka kwa Parseghian ni wa kweli kabisa! Watu wawili, timu moja, tarakimu moja ya 1951, mmoja kweli na mmoja uongo, na kwenye jedwali wanafanana kama mapacha. Hakuna kanuni ya jumla ya kupunguza mwaka mmoja itakayookoa hapo. Ukipunguza kwa wote, Pont anapoteza msimu aliocheza kwa jasho lake.

Ewbank na Brown nao wamo. Ewbank alihitimu 1928, Brown alicheza misimu ya 1928 na 1929, na skripti ikawafanya wachezaji wenza. Kumbe uhusiano wao wa kweli wa kazi ulikuja baadaye, Ewbank alipokuwa msaidizi wa Brown huko Cleveland kuanzia 1949 mpaka 1953.

Kwa hiyo nimeifuta safu ya mwaka kabisa. Sasa kuna msimu_kwanza na msimu_mwisho, na kila mstari umepitiwa kwa mkono, mtu baada ya mtu. Mechi ya Januari ni mali ya msimu uliotangulia. Hata Super Bowl, fainali ya futiboli ya kulipwa: ushindi wa Ewbank akiwa na New York Jets wa tarehe 12 Januari 1969 unakaa msimu wa 1968, wa Harbaugh wa Februari 2013 unakaa 2012, wa McVay wa Februari 2022 unakaa 2021. Mwaka wa kuhitimu nimeuhamishia kwenye safu ya maelezo ambako hauwezi kumdhuru mtu.

Nilidhani imeisha, mchoro ukanionyesha Parseghian akimfundisha Schembechler Miami mwaka 1950. Safari hii miaka ilikuwa sahihi! Parseghian alikuwa Oxford 1950, msaidizi chini ya Hayes, na Schembechler alikuwa mchezaji. Jibu liko kwenye kanuni za zamani: mpaka mwaka 1972 wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawakuruhusiwa kuchezea kikosi kikuu cha futiboli, walikuwa na timu yao na kocha wao. Parseghian alikuwa kocha wa hao wachanga. Schembechler alikuwa kikosi kikuu. Kwa hiyo jedwali limepata safu ya kikosi, na swali linadai mahali, msimu na kikosi vilingane, isipokuwa kwa kocha mkuu ambaye anawafikia wote. Mshale wa uongo umeanguka. Wa kweli umebaki mahali pake, Chuo Kikuu cha Northwestern 1956 na 1957, ambako Schembechler alikuwa msaidizi wa Parseghian kabla ya kwenda Ohio State kwa Hayes.

Sasa zana, kwa kuwa kuna walioniuliza. Hifadhidata ya SQLite ndiyo yote. Faili moja, haidai seva, unaibeba kwenye flashi, na kutafuta misimu inayoingiliana ni sharti la mstari mmoja tu. Atakayeniambia nihamie kwenye hifadhidata ya grafu kwa ajili ya watu mia kadhaa, nitamsikiliza kwa adabu na nitabaki nilipo. Graphviz, programu ya kuchora mitandao ya aina hii, naipenda, lakini chagua injini kwa makini: dot inapanga kwa tabaka, ukilifunga kila tabaka kwa msimu wake inakutii, neato inavuta kila kitu katikati, na kwa data hii, ambayo watu wanarudi Oxford tena na tena, unapata fundo tupu. Na tafadhali, usiguse data ya michezo kwa programu ya majedwali ya ofisini. Rekodi ya Schembechler dhidi ya Hayes, tangu Michigan yake ilipoishinda Ohio State ya Hayes 24–12 mwaka 1969 mpaka 1978, ni 5-4-1: ushindi tano, kushindwa nne, sare moja. Programu niliyoitumia iliigeuza kuwa tarehe, kimyakimya. Miaka kumi ya upinzani mkali kuliko wote katika mchezo huu, kati ya watu wawili waliokuwa mwalimu na mwanafunzi Miami, ikawa siku moja ya kalenda. Andika faili zako za CSV kwa kihariri cha kawaida.

Mpango wa wiki hii ulikuwa kuingiza wachezaji waliokwenda NFL, ligi kuu ya kulipwa, nikianza na Ben Roethlisberger na misimu yake Pittsburgh. Sijafanya. Mchoro ulipotulia niliugeuza kwa kucheza tu: badala ya kupanga nyuzi kwa mtu, nikazipanga kwa mahali walikokwenda. Nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona kikikaa wazi namna hii, na sijagusa kingine tangu hapo.

Angalia Indiana. Pont aliiongoza 1965–72, akaipeleka Rose Bowl kwa msimu wa 1967. Bill Mallory, mchezaji wa Miami aliyerudi kuwa kocha wake mkuu na kumaliza 1973 bila kufungwa, aliiongoza Indiana 1984–96. Terry Hoeppner, kocha wa Roethlisberger pale Miami, akaichukua 2005 na kuishika mpaka maradhi yalipomchukua Juni 2007. Sasa angalia Northwestern: Parseghian 1956–63, Pont tena 1973–77, Randy Walker 1999–2005. Walker alicheza Miami 1973–75, misimu mitatu ambayo timu ilishinda mechi 32, ikafungwa moja na kutoka sare moja. Alifariki ghafla Juni 2006, na mwaka mmoja baadaye Hoeppner, aliyekuwa msaidizi wake Oxford na mrithi wake kwenye kiti kile, naye akafariki. Kwenye mchoro nyuzi zao mbili zinakatika karibu sana, kila moja katika chuo chake, na sijaweka rangi yoyote hapo. Zimebaki kama zilivyo.

Mawazo yangu ni haya. Indiana na Northwestern zilikuwa timu za Big Ten, ligi ya vyuo vikubwa, zilizozoea kuburuza mkia, hazikuweza kushindana kwa fedha na majina na Ohio State au Michigan. Zilihitaji kocha aliyezoea kushinda na vijana ambao vyuo vikubwa vimewapita. Miami ni chuo cha ligi ndogo ya jirani kinachofanya hivyo kila mwaka. Hayes na Schembechler walikwenda kwa matajiri, na hadithi zao zimefunika nyingine zote, lakini mkondo mnene wa makocha wakuu wa Oxford umeelekea kwenye timu zenye shida. Chuo Kikuu cha Yale ni tofauti kidogo lakini kinavutia vilevile: Pont alifika 1963 akiwa na Carm Cozza, mchezaji mwingine wa Miami, akaondoka baada ya misimu miwili, Cozza akabaki kocha mkuu mpaka 1996. Misimu 34 mfululizo mikononi mwa watu wa Oxford.

Kuna swali moja ambalo mpangilio huu mpya umelizaa. Northwestern, kati ya Parseghian na Pont, alikuwepo Alex Agase, 1964–72. Hakusoma Miami, hakufundisha Miami. Lakini alikuwa msaidizi wa Parseghian palepale Northwestern, na ndiyo sababu akapewa kiti. Nikimwacha nje, uzi unakatika kwa misimu tisa. Nikimwingiza, Northwestern inakuwa na misimu 22 mfululizo, 1956 mpaka 1977, chini ya watu wa Miami au mtu aliyelelewa nao, ila mlango unafunguka kwa kila msaidizi wa kila msaidizi.

Nimeamua aingie kwa mstari wa nukta, rangi ya kijivu, kwa masharti mawili: awe alifanya kazi chini ya mtu wa Miami mahali hapohapo, na awe amemrithi moja kwa moja. Agase anapita. Safu ya urithi nimeshaiongeza kwenye jedwali, na naanza kuijaza na Army, ambako kati ya Blaik aliyeondoka baada ya msimu wa 1958 na Paul Dietzel aliyefika 1962 kuna pengo la misimu mitatu la kupima kwa kanuni hiyohiyo.