Siku moja na swichi ya presha: Milimani hadi Kiamunyi

Saa 12:20 asubuhi. Baridi ya Julai hapa Nakuru haina huruma. Sijamaliza chai, simu inalia: "Fundi, watoto wanaenda shule na maji ni barafu. Boila inavuma, halafu inanyamaza."

Hapo amenipa nusu ya jibu. Ikivuma, feni inapata umeme. Ikinyamaza bila kutoa cheche, bodi, yaani saketi inayoongoza boila, haijaridhika na hewa.

Saa 2:00, Milimani. Namweleza mama mwenye nyumba kazi ya ile swichi ndogo ya duara. Feni ikivuta moshi, presha inayotokea husukuma utando ndani ya swichi, mkondo unapita, na hapo tu ndipo bodi huruhusu cheche na gesi. Hewa isipotosha, hakuna moto. Mafundi wengi huilaumu swichi papo hapo. Mimi hupima kwanza.

Kipimo changu ni paipu nyembamba ya plastiki niliyoikunja umbo la U na kutia maji ya rangi. Milimita 1 ya maji ni presha ya karibu paskali 10. Swichi hii imeandikwa 60, kwa hiyo nahitaji tofauti ya milimita 6 kati ya pande mbili za maji. Napata 3. Swichi ni nzima kabisa! Napanda ngazi, na ndani ya bomba la moshi nakuta nyigu wamejenga kwa tope, wakabakiza nafasi ya kidole. Nasafisha bomba, kisha napangusa pia mapanga ya feni yaliyoganda vumbi. Sasa napata 11. Moto unawaka mara ya kwanza.

Saa 7:00, githeri kwa haraka kando ya stendi, kisha matatu.

Saa 8:15, Kiamunyi. Mzee ananionyesha feni mpya, bado iko kwenye boksi. "Kijana wangu, fundi aliyetangulia alisema ya zamani imekufa." Kweli, haizunguki. Lakini nikiipa umeme moja kwa moja, inazunguka vizuri, bila kelele za beringi. Nazima umeme, naiweka mita kwenye swichi ya presha: inalia. Feni imesimama na swichi inapitisha mkondo? Hiyo haiwezekani, labda iwe imeganda. Nafungua kifuniko, nakuta kipande cha waya kimeunganisha ncha mbili za swichi.

Nilikasirika, sifichi. Kabla ya kuwasha feni, bodi hii huhakikisha kwanza kwamba swichi haipitishi mkondo. Ikikuta unapita, inakataa kuanza, na mtu anadhani feni imekufa. Na heri ilikataa. Kuna boila ambazo zingewaka hivyo hivyo, moshi ukarudi ndani na kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, wakati mzee amelala.

Nautoa waya. Feni inazunguka, ila sasa swichi haishiki. Sikuhitaji hata kipimo: kipaipu cha mpira kinachotoka kwenye feni kimepasuka pale kinapoingilia, kimekauka kwa joto. Nakata sehemu iliyopasuka, lakini mpira wenyewe umechoka, kwa hiyo naweka kipya cha silikoni. Swichi inashika, tik, na moto unafuata.

Saa 11:40 jioni mzee anapiga simu. Ameoga. Duka limekubali kuipokea tena ile feni mpya.