Siku Moja Maishani Mwangu: Kuongoza Wavuvi Leech Lake, Minnesota

Saa kumi alfajiri, mwanzoni mwa Juni, ninashusha boti kwenye maji ya Leech Lake, ziwa lililo kaskazini mwa jimbo la Minnesota, Marekani, ambako kazi yangu ni kuwaongoza wageni wanaokuja kuvua samaki aina ya woleye na krapi. Woleye ni samaki rasmi wa jimbo hili tangu mwaka 1965, na saa zangu za kazi hupangwa na jicho lake: ndani yake mna utando unaoakisi mwanga, hivyo huona vizuri gizani na huwinda kabla windo halijamwona. Kwa waliozoea karabai za wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria, huku mambo ni kinyume, kwani mwanga mkali humfukuza.

Saa kumi na moja na nusu jua linachomoza, nasi tuko juu ya fungu la changarawe lenye kina cha mita tatu hivi. Ninamwonyesha mgeni namna ya kumtunga ruba, chambo chetu, kwenye ndoana kupitia kinyonyeo chake, ili aendelee kuogelea akijinyoosha kama utepe, kisha chubwi ishuke mpaka iguse chini na kuinuliwa kidogo tu. Woleye hashtui mshipi. Huufanya uwe mzito, na anayekurupuka kuuvuta huambulia ndoana tupu. Ninauombea upepo, kwa sababu mawimbi hupunguza mwanga unaoingia majini na samaki huendelea kula kwenye kina kifupi hadi asubuhi imekua.

Saa nne tunahamia kwenye ghuba zenye matete. Maji yakikaribia nyuzi joto 18 za Selsiasi, krapi huja kutaga hapa, na dume, ambaye kwa wakati huo amegeuka kuwa mweusi, hubaki akilinda mayai. Krapi hula akielekea juu, kwa hiyo chelezo hupangwa ili chambo kining'inie juu ya kichwa chake, na kwa kuwa mdomo wake huchanika upesi, hutolewa majini kwa wavu. Ninawasihi wageni wamrudishe dume mweusi hata pale sheria inapowaruhusu kuondoka naye, kwa maana akitoweka, samaki wengine huyala mayai yake. Wapo wanaonuna, sibadilishi ombi langu.

Mchana tunatoa minofu, tunakula, tunapumzika.

Saa kumi na mbili jioni tunarudi kumtafuta woleye kando ya magugu, safari hii kwa ruba chini ya chelezo, mpaka giza linapoingia baada ya saa tatu.

Boti ikishapanda kwenye trela, ninachomoa kizibo na kumwaga maji yote, kama sheria ya Minnesota inavyotaka, kwa sababu viluwiluwi vya kome milia, kome wadogo vamizi, havionekani kwa macho na husafiri ndani ya maji hayo kutoka ziwa hadi ziwa. Chambo kilichobaki hutupwa kwenye pipa la taka, si ziwani.