Barua Iliyokuwa Katika Jalada la "Mengineyo"

Katika mwaka wangu wa pili kazini, nikiwa ofisa kumbukumbu msaidizi wa taasisi moja ya umma, alifika masjala mzee aliyestaafu udereva akitafuta barua yake ya kuthibitishwa kazini, kwa kuwa pasipo barua hiyo miaka yake ya utumishi isingehesabika na mafao yake yasingelipwa. Jalada lake binafsi nililipata upesi. Barua haikuwamo: baada ya folio 6, yaani karatasi yenye namba 6 jaladani, ilifuata folio 8.

Tuliitafuta kwa siku tatu. Majalada yetu yalipangwa kwa kufuata idara, na idara ya usafirishaji ilikwisha kuvunjwa, kazi zake zikagawiwa idara mbili ambazo kila moja ilifungua majalada mapya kwa namba zake. Karatasi zilizokosa mwenyewe zilitiwa katika jalada la "Mengineyo", ambalo lilikuwa limefika juzuu ya tano. Humo, katikati ya barua za matairi na maombi ya likizo, ndimo nilimoikuta, namba 7 ikiwa imekatwa kwa wino mwekundu. Mzee aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma polepole mpaka kwenye saini.

Alipoondoka, karani mkuu wa masjala aliniita. "Mwanangu," alisema, "usiulize barua imetoka idara gani. Uliza iliandikwa kwa kazi gani." Idara huunganishwa na kubadilishwa majina, lakini kuajiri, kuthibitisha na kustaafisha watumishi hakukomi. Baadaye nilikikuta kiini cha maneno yake katika kiwango cha kimataifa cha ISO 15489, kilichotolewa mwaka 2001 na kupitiwa upya mwaka 2016, kinachotaka uainishaji wa kumbukumbu ujengwe juu ya uchambuzi wa shughuli za taasisi.

Tuliomba ruhusa ya kupanga upya, tukaipata. Tuliwahoji maofisa meza kwa meza, tukiwauliza wanafanya nini, si wanaitwa nani. Juu tuliweka jukumu, kwa mfano usimamizi wa watumishi. Chini yake shughuli, kama vile ajira. Na chini ya shughuli majalada yenyewe. Manufaa yake makubwa, kwa maoni yangu, yalikuwa katika muda wa kutunza: ombi la likizo na barua ya kuthibitishwa haziwezi kuteketezwa kwa ratiba moja, na kundi linapojulikana, muda wake hujulikana pamoja na watu wanaoruhusiwa kulisoma. Katika "Mengineyo" hatukuweza kuamua lolote kati ya hayo.

Juzuu zote tano tulizipitia folio kwa folio. Mahali pa kila karatasi tuliyoihamisha tuliacha karatasi ya rejea yenye namba ya jalada jipya, na juzuu ya tano ilipokwisha, karani mkuu aliandika tarehe kwenye jalada, akagonga mhuri wa "Limefungwa", akanikabidhi nilipeleke rafuni.