Tulivyofikisha tanki la lita 5,000 ndani ya Samburu, baada ya safari ya kwanza kutushinda

Watu wamekuwa wakinipigia kuuliza misheni ya mwezi wa nane tuliifanyaje, nimeeleza kwa simu mpaka sauti imekauka, basi naandika mara moja. Mie nakaa Mikindani, Mombasa, niko kwa kamati ya misheni ya kanisa letu, na Samburu ninayosema ni hii yetu ya Kwale, ukitoka Mombasa wapita Mazeras, Mariakani, Maji ya Chumvi, kisha waiacha lami waingia ndani kwa Waduruma. Sio ile ya kaskazini.

Lazima nianze na safari ya kwanza, mwaka uliotangulia, manake ndo iliyonifunza na bado yaniuma. Kuna mtu aliyezunguka sana na misheni, nilimwendea anishauri, akaniambia mambo ni matatu tu, bebeni nguo za kugawa, bebeni spika na jenereta mfanye krusedi, na mwandike idadi ya waliookoka mlete ripoti kanisani. Siku tatu zatosha, akasema. Nikaamini. Tulienda watu 14, matatu imejaa magunia ya nguo mpaka miguu hatukuwa na pa kuiweka, tukafika saa sita mchana na nyimbo zetu na kijiji hakina mtu. Kina mama wote wako silanga, lile bwawa la kukinga mvua, kuchota maji, wanaume wako na ng'ombe huko mbali, watoto wako shule. Tukawasha jenereta tukahubiria mbuzi na wazee wawili kwenye kivuli.

Nguo nazo ziliharibu kabisa. Magunia matatu, watu walipokuja jioni ni familia nyingi kuliko tulivyodhani, ikawa kuvutana. Nakumbuka bibi mmoja amesimama na koti zito la baridi mkononi, kwenye lile jua la nyika ya Taru, alikuwa akiligeuza geuza akipapasa manyoya ya ndani, mwishowe akalikunja vizuri akanirudishia kwa mikono miwili, akaniambia asante mwanangu. Sikuwa na la kumjibu.

Lakini lililonikaa moyoni ni maji. Tulilala kwa Pasta wa pale, tukaoga, tukaosha miguu, tukaosha vyombo, watu 14 hao, hakuna aliyeuliza. Saa kumi alfajiri nikatoka nje nikamkuta binti yake, ni wa darasa la saba hivi, afunga mitungi miwili ya njano kwa baiskeli. Namuuliza waenda wapi saa hizi, asema maji yaliyokuwako yameisha, aenda silanga kabla foleni haijawa ndefu ndo awahi shule. Mitungi minne ya lita 20 tuliimaliza sisi jioni moja. Yaani tulienda kuhudumu tukawa mzigo kwa mtoto. Ripoti nilikataa kuiandika.

Baada ya hapo nikawaambia kamati, hatuendi tena mpaka wenyeji watuambie kazi ni gani. Na hapa wengi hukosea kama nilivyokosea. Nilimpigia Pasta nikamuuliza mwataka tuwaletee nini, akanijibu chochote tu dada, Mungu awabariki. Nikampigia tena, vilevile. Mtu ni mgeni wako, yuataka kuleta kitu, utamwambia hapana niletee kile? Ikabidi niende mwenyewe, mara tatu, kwa matatu hadi Samburu kisha bodaboda, nikae tu nao. Mara ya tatu nikabadilisha swali, nikauliza, kazi gani mmeianza wenyewe ikakwama? Mama Pasta akainuka hapohapo akanishika mkono akanizungusha nyuma ya kanisa. Kumbe walikuwa wamejenga msingi wa mawe wa kuweka tanki, wa mviringo, mzuri kabisa, na gata la kukinga maji ya mvua limefungwa nusu ya paa pesa zikaisha. Ulikuwa umekaa hapo karibu miaka miwili. Mara ya kwanza tulipokuja tulikuwa tumeufanya kiti tukipiga picha.

Kwa hiyo kazi ikawa hiyo. Paa la lile kanisa ni kama mita 10 kwa 6, na hesabu ya mvua ni rahisi, milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, basi mvua ya milimita 10 yaleta kama lita 600 toa zinazomwagika. Vuli ikinyesha vizuri tanki la lita 5,000 lajaa. Ndo maana tulienda mwezi wa nane, kukavu barabara zapitika, na mvua ya mwezi wa kumi na kumi na moja ikute kila kitu tayari. Pesa tulichanga, tanki na gata na mabomba ilikuwa elfu hamsini na kitu, Canter sikumbuki vizuri, kumi na kitu hivi na dereva alitupunguzia. Watu tukapunguza wakawa 9, na tukabeba maji yetu, mitungi 23, hesabu yangu ilikuwa lita 10 kwa mtu kwa siku kwa siku tano. Walionicheka kubeba maji kama mizigo ya harusi walinyamaza siku ya pili.

Siku ya kwenda tulikata kona Mazeras tukaingia Rabai kidogo kwenye makumbusho, nilitaka vijana waone. Mmishenari Krapf alifika Mombasa 1844, miezi michache tu akazika mke na mtoto, na ni 1846 ndo yeye na mwenzake Rebmann walianza kituo pale Rabai, na hakuingia tu, aliongea na wazee kwanza wakamkubali. Kisha miaka akijifunza lugha. Kijana wetu mmoja akasema, na sisi siku tatu tulitaka kuokoa kijiji kizima. Nilifurahi kwamba amelisema yeye, sio mimi.

Sasa tanki. Canter ilifika kwenye laga, ule mto mkavu wa msimu, mchanga mtupu, tairi zikazama na kanisa bado ni kama kilomita mbili. Saa kumi jioni. Dereva asema yeye harudi nyuma na haendi mbele. Tanki ni kubwa kuliko mlango wa nyumba, halibebeki, lakini ni tupu na ni duara, tukasema tulibingirishe. Shida ni visiki na mawe yangelikwaruza mpaka litoboke, basi tukatoa magodoro yetu ya sponji tukalivisha, tukazungusha kamba, kifuniko tukakifunga, tundu la mfereji wa kufungulia maji tukalizibia kitambaa mchanga usiingie. Vijana wawili mbele na panga wanakata miiba na kufagia njia. Vizuri mpaka tulipofika ukingo wa pili wa laga, ambao umesimama kama ukuta, tukisukuma larudi, tukisukuma larudi, mtu mmoja nusura limlalie.

Tulikuwa na mzee mmoja wa kanisa, alifanya kazi bandarini Kilindini miaka mingi, alikuwa kimya muda wote. Akasema ngojeni. Akachukua kamba mbili, ncha akazifunga kwenye mti juu ya ukingo, akaziteremsha, akazipitisha chini ya tanki, akazizungusha zirudi juu yake, kisha akatupandisha sote juu akasema sasa vuteni polepole, pamoja. Jamani, lile tanki lilipanda likijiviringisha lenyewe ndani ya kamba kama chapati. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakipandisha mapipa zamani, akatuambia. Dakika tano. Watoto waliotoka shule walilipokea juu wakalisukuma mpaka kanisani wakiimba, na sisi nyuma na mitungi yetu.

Yaliyobaki yalikwenda. Fundi alikuwa wa palepale, Pasta alisisitiza na yuko sawa, likiharibika sisi hatuko. Tulimlipa kama fundi yeyote, sisi tukawa vibarua wake, mimi nilichanganya simiti mpaka mikono ikachubuka. Gata aliliweka na bomba la pembeni la kumwaga maji ya kwanza ya mvua, yale yenye vumbi na kinyesi cha ndege, hilo msilisahau. Kuna aliyetaka tubebe madawa tugawe, nikakataa kabisa, kama hamna daktari aliyesajiliwa na afisi ya afya ya kaunti haijui mmekuja, acheni dawa nyumbani.

Chakula tulikula walichotuwekea, kama Yesu alivyowaagiza wale aliowatuma wawili wawili kwenye Luka 10, wari, yaani ugali, na mtsunga, mboga za majani, chungu lakini wazoea. Na Injili? Ilihubiriwa na Pasta wao, kwa Kiduruma, jioni kina mama wakiwa wamerudi. Sisi tuliimba nyimbo mbili tukakaa chini. Mulungu, Mulungu, yaani Mungu, nilielewa hilo na machache mengine, na nililia.

Mwezi wa kumi na moja usiku Mama Pasta akanipigia, sauti siisikii kwa kishindo cha mabati. Akaniambia ngoja, akaenda kuiweka simu kwenye tanki. Niliketi kitandani Mikindani nikisikiliza maji yakiingia, kama dakika mbili hivi, hakuna aliyesema kitu. Kisha akarudi kwa laini akasema dada, binti amelala mpaka saa kumi na mbili leo, na gata la upande wa mlango lavuja, mkija mje na silikoni na kufuli ya mfereji. Nishanunua.