Ukulele peke yake, bila mwimbaji: nilivyojaza muda wa chakula cha jioni Arua

Bendi yetu ilipovunjika nilibaki na deni la spika na vidole vilivyozoea kazi moja tu, mi-solo. Anayeijua rumba ya Kongo hahitaji kuelezwa: solo inaimba juu, ridhimu inashika kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, besi inatembea chini, na mi-solo iko katikati inarudiarudia kitu kilekile mpaka wachezaji wajisahau. Mkiwa sita jukwaani ni kazi tamu. Ukiwa peke yako, unakuwa kama mtu anayeendelea kuongea na simu iliyokwisha kukatika.

Hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kazi za muziki hazikosi, ila nyingi ni za kelele. Harusi, kampeni, uzinduzi wa duka, kote wanataka spika zisikike mpaka mtaa wa pili. Hajati mmoja mwenye hoteli ndogo ndiye aliyeniita kwa jambo tofauti.

"Mwanangu, nataka mtu mmoja, chombo kimoja, na asiimbe," akaniambia. "Wageni wangu wanakula huku wanazungumza kazi. Nikiwasha redio wanasema punguza. Nikiizima wanasema pamepoa."

"Nimekuelewa, Hajati. Nipe muda kidogo nijipange."

Ukulele, kile chombo kama gitaa dogo la nyuzi nne, nilikuwa nayo. Niliinunua kwa mfanyakazi wa shirika moja la misaada aliyemaliza mkataba na hakutaka mizigo. Ni ya saizi ya tenori, kubwa kuliko soprano na konseti, ndogo kuliko baritoni. Wengi wakiiona wanadhani ni gitaa la mtoto, na mimi nilikuwa naitumia kuwatulizia watoto wa dada yangu, basi. Kilichonifanya niichukue badala ya gitaa kwanza ni usafiri: inaingia kwenye begi la mgongoni na boda haongezi nauli. Halafu kuna jambo la sauti. Ukulele iliyofungwa nyuzi za kawaida, G-C-E-A, inaanzia C ya kati, mitetemo kama 262 kwa sekunde. Mwanamume akizungumza kawaida sauti yake inazunguka chini ya 200, na ya mwanamke mara nyingi haifiki 262. Kwa hiyo muziki unapita juu ya mazungumzo badala ya kugombana nayo. Gitaa la kawaida lina nyuzi zinazoingia palepale watu wanapoongelea.

Shida ilianza nilipokaa kufanya mazoezi. Kuchapa kodi juu-chini ni raha kama kuna mtu anaimba. Bila mwimbaji, wimbo wa kwanza unavumilika, wa pili watu wanaanza kutazama simu. Besi hakuna. Noti ikipigwa inakufa haraka, maana boksi ni dogo na nyuzi ni za nailoni. Na nyuzi ni nne tu. Sasa melodi itatoka wapi na usindikizaji utatoka wapi?

Melodi ilikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Kutoka C ya kati mpaka A ya freti ya 12 (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo) ni karibu oktava mbili, na oktava ni umbali wa noti moja mpaka nyingine ya jina hilohilo, na nyimbo nyingi zinazoimbwa na watu wa kawaida, za kanisani, za harusi, za kubembelezea mtoto, hazivuki oktava moja na noti chache. Kinachotakiwa ni kuchagua ufunguo mzuri ili melodi iangukie uzi wa kwanza na wa pili, yaani A na E, halafu kodi ijengwe chini yake. Mimi nakaa kwenye C, F na G, kwa sababu hapo nyuzi wazi, zisizobanwa, zinanisaidia na mkono wa kushoto unapumzika. Wimbo ukikataa nauhamisha. Hakuna mwimbaji wa kulalamika kwamba nimempandishia.

Usindikizaji ndio ulionitoa jasho, na aliyenifungua hakuwa mpiga ukulele. Ni mzee wa Kialur anayetengeneza adungu, vile vinubi vya upinde vya huku West Nile vyenye shingo iliyopinda na boksi lililowambwa ngozi. Nilikwenda kwake kutafuta uzi, kwa sababu uzi wangu wa A ulikatika na nyuzi za ukulele hapa mjini ni bahati nasibu. Adungu za siku hizi nyingi zinafungwa nailoni ya kuvulia samaki, na kwenye debe lake alikuwa na mishipi ya unene wa kila aina. Nikachagua wenye unene wa kama milimita 0.6. Ukafaa, ila ulinyooka na kushuka siku kadhaa kabla ya kutulia. Anayejaribu ajue hivyo, asiufunge mchana akaenda kupiga jioni.

Mzee akaniambia nipige nimsikie. Nikapiga. Akacheka.

"Kijana, hicho kidole gumba kimelala. Kazi yake nini?"

"Kinashuka chini kupiga besi, mzee."

"Besi iko wapi hapo?"

Hakukosea. Kwenye ukulele uzi wa nne, ule ulio karibu na uso wako, si mzito. Ni G ya juu, iko juu ya C na hata juu ya E. Aliyetoka kwenye gitaa anauona kama kasoro, anaupiga kwa mazoea akitegemea mngurumo, unatoka mlio mwembamba. Mzee alichukua adungu yake na kunionyesha mikono miwili ikigawana noti. Mmoja unazunguka na mchezo mfupi usiobadilika, mwingine unaingiza noti zake kwenye nafasi zilizoachwa. Nikakumbuka amadinda ya Buganda, ile marimba ya vipande 12. Wapigaji wawili wanakaa wakitazamana, noti za huyu zinaangukia katikati ya noti za yule, na masikio yako yanaokota wimbo ambao hakuna hata mmoja wao anayeupiga mzima mzima.

Basi nikaacha kuifanya G ile kuwa besi. Nikaifanya mpigaji wa pili.

Shika ukulele ujaribu hili. Unataka kupanda G, A, B, C, D. Mtu wa gitaa atazitafuta zote kwenye uzi mmoja au miwili. Wewe piga G kwenye uzi wa nne wazi, A kwenye uzi wa kwanza wazi, B kwenye uzi wa pili freti ya 7, C kwenye uzi wa nne freti ya 5, D kwenye uzi wa kwanza freti ya 5. Kidole cha shahada kinashika C, cha pete kinashika B, cha kati kinashika D. Hakuna noti mbili zinazofuatana kwenye uzi mmoja, hivyo unayoiacha inaendelea kulia wakati inayofuata imeshaingia. Zinapandana kama za kengele, na wanamuziki wa Ulaya wanauita mtindo huo campanella. Si mpya hata kidogo. Wapiga gitaa wa zama za baroki, miaka ya 1600, waliutumia kwa kuwa magitaa yao nayo yalikuwa na nyuzi zilizopandishwa namna hii. Mpiga ukulele Mmarekani John King, aliyefariki 2009, ndiye aliyeonyesha kwamba unaweza kuichukua kazi ya Bach, mtunzi Mjerumani wa zama hizo za baroki, ukaiweka yote kwenye ukulele kwa njia hiyo. Baada ya kumsikiliza niliacha kusema chombo ni kidogo.

Kuna watu wanashauri uondoe G ya juu ufunge G ya chini, eti ndipo utapiga solo ya maana. Nimejaribu. Unapata noti tano za chini, na sebene, ile sehemu ya rumba ya kuchezea ambapo magitaa yanashika usukani, inapata uzito kidogo, sikatai. Lakini zile kengele zinapotea, na unarudi kuwa na gitaa lililokatwa nyuzi mbili. Kwa gitaa, nina gitaa.

Sebene yenyewe inakwenda vizuri ajabu. Ni C, F, G, F, kisha unaanza upya. Kidole gumba kinacheza uzi wa nne na wa tatu kwa kupokezana, cha shahada na cha kati vinachomeka mi-solo juu. Miaka yangu yote ya kukaa katikati ya bendi ilikuja kunilipa hapo.

Nyimbo za polepole zilinikatalia muda mrefu zaidi. Noti ya kuvuta mapigo manne, kwenye ukulele inakuwa imekwisha katika pigo la pili. Dawa niliyoipata ni ile ya wapiga udi wa taarabu: noti ndefu unaitetemesha, unaipiga harakaharaka kwa ncha ya kidole cha shahada, nyepesi, huku kidole gumba kikigusa kodi taratibu. Nilikata kucha ya kidole hicho ikabaki fupi sana, maana ikiwa ndefu inakwangua na wageni wanageuka. Pale nisipotaka kutetemesha, naivunja kodi noti moja moja ili kimya kisionekane.

Kwa Hajati situmii pikapu, kile kifaa cha kunasa sauti kinachofungwa kwenye chombo. Naweka maiki kama sentimita 25 kutoka kwenye ukulele, ikitazama pale shingo inapoungana na boksi. Ukiielekeza kwenye tundu inatoa mvumo. Umeme ukikatika naendelea tu, kwa kuwa ua wenyewe ni mdogo, ila jenereta ikiwashwa nahamia meza za upande wa pili. Kiti nimeomba kisicho na mikono, na kamba ya begani ni lazima: mkono wa kushoto ukianza kubeba chombo hauwezi tena kuruka mpaka freti ya 7.

Sasa napiga Ijumaa na Jumamosi. Naanza na nyimbo za kengele wakati watu wanasoma menyu, chakula kikifika nashuka kwenye zile za polepole, sebene naziweka wakati wa chai, kwa sababu watu wakishashiba hata wenye suti wanatikisa mguu. Mgeni mmoja kutoka Bunia, Kongo, aliwahi kuja kuchungulia nyuma ya kiti changu akitafuta mtu wa pili.

Mzee wa adungu naye alikuja kunisikia. Alisema kidole gumba kimeamka, akapendekeza tuwe wawili, yeye na ile adungu yake kubwa ya besi ambayo mpigaji huikalia. Nilimfikishia Hajati wazo hilo. Amekubali kwa moyo mweupe, malipo yabaki yaleyale, tugawane.